Mfanyabiashara na Chombo Chake cha Kale

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiitwa pamoja barazani, hutoa ushahidi unaopingana. Ya kwanza yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema: yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Ya kwanza humwamuru mtu ashike alicho nacho; ya pili humwamuru aelekeze uso wake mbele. Mtu wa kawaida aweza kuishi na methali zote mbili kwa amani, maana hutumia hii leo na ile kesho. Mfanyabiashara hana raha hiyo. Hapana budi aamue kama ataendelea na chombo kilichomlisha tangu zamani, au atakiacha na kununua kingine. Na akikosea, hulipa kwa mali yake, na pengine kwa mali ya watu wengine.

Katika zama zetu, chombo kinachozusha swali hili mara nyingi ni kompyuta. Duka, benki au chama cha ushirika hununua kompyuta pamoja na programu zake, huwafundisha makarani, huingiza humo majina, madeni na malipo ya miaka mingi. Baada ya muda mtengenezaji hutangaza kwamba mfumo ule umezeeka, na kwamba hatautunza tena. Mwenye biashara afanyeje? Je, ni wajibu wake kuwa mwaminifu kwa mfumo uliomtumikia vyema, au uaminifu huo ni upofu uliovikwa joho la wema?

Swali hili huonekana jipya kwa sababu kompyuta ni mpya. Kwa kweli ni la kale. Watu wa Kitui na Makueni walikabiliwa nalo zaidi ya miaka 150 iliyopita, kabla hapajakuwa na reli wala waya wa simu katika nchi yao. Walilijibu kwa miguu yao, kwa mabega yao, na wengine kwa maisha yao. Basi na tuanze huko, kisha turudi kwenye meza ya karani na kompyuta yake.

Masimulizi ya Wakamba hutaja vilima vya Mbooni, ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Makueni, kuwa ndipo walipokusanyika na kuongezeka. Kutoka Mbooni baadhi yao walivuka mto Athi, wakaelekea mashariki, wakafanya maskani Kitui. Nchi ile ilikuwa na wanyama wengi wa kuwinda, lakini mvua yake haikuwa ya kutegemewa. Mwaka ukiwa mbaya, hapakuwa na budi ila kuchukua kitu na kwenda kukibadilisha kwa chakula katika nchi ya jirani. Hivyo njaa ilikuwa mwalimu wa kwanza wa biashara yao, na mwalimu huyo hakuwa mpole.

Kutoka katika kubadilishana chakula walipanda hadi biashara ya mbali. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizoteremka Mombasa kutoka bara. Walirudi na nguo, shanga, chumvi na masango. Wengine walifanya makao Rabai, karibu na pwani, wakawa kiungo baina ya ndugu zao wa bara na matajiri wa mjini.

Msafara ule haukuwa kundi la watu wenye mizigo tu. Ulikuwa mfumo kamili, wenye sehemu nyingi zilizotegemeana. Palikuwa na njia, ambazo hazikuandikwa popote bali zilijulikana kwa visima na vilima vyake. Palikuwa na wawindaji hodari wa mishale, waliopata pembe na kuwalinda wenye kuzibeba. Palikuwa na undugu wa kuchanjiana damu, ambao ulimpa mgeni usalama katika nchi isiyo yake. Palikuwa na mkopo, maana aliyechukua nguo leo aliaminiwa kuleta pembe msimu ujao. Na juu ya yote palikuwa na kiongozi, ambaye jina lake lilifungua milango ambayo mkuki usingeweza kuifungua. Ondoa sehemu moja, na sehemu zilizobaki hulegea.

Mfumo wa kompyuta nao ni vivyo hivyo. Wengi hudhani kwamba ni sanduku lililo juu ya meza. Sanduku ni sehemu ndogo tu. Mfumo ni pamoja na programu iliyo ndani yake, kumbukumbu zilizohifadhiwa, desturi za kazi zilizojengwa juu yake, fundi anayejua siri zake, na mazoea ya vidole vya karani. Ndiyo maana si rahisi kuuacha. Anayeacha mfumo haachi chuma. Huacha njia, visima na udugu.

Jina lililovuma sana katika biashara ya misafara ni la Kivui wa Mwenda, tajiri wa Kitui. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai, alimtembelea mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa katika nchi ya Kitui, Krapf aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao mwenyeji wake alikuwa amempa habari zake. Jina la mlima huo, kama Krapf alivyolisikia kwa Wakamba, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi ya Kenya. Kivui alijua njia za kuteremka pwani na njia za kupanda hadi ng'ambo ya mto Tana. Watu wa pande zote mbili walimjua kwa sifa zake.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, nao wakaondoka pamoja kuelekea Tana. Karibu na mto huo msafara ulivamiwa na wanyang'anyi, na Kivui akauawa. Krapf aliokoka, akatangatanga porini kwa njaa na kiu, akitia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo kingine cha kuyabebea. Kwa shida kubwa alifika tena katika makao ya watu.

Tutafakari kisa hiki kwa jicho la mfanyabiashara. Siku Kivui alipoanguka, hakuanguka peke yake. Yalianguka pamoja naye mapatano ambayo hayakuandikwa, madeni ambayo yeye alikuwa shahidi wake, na urafiki ambao ulikuwa wake yeye na si wa msafara. Mfumo unaokaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja una umri wa mtu huyo. Hili ndilo fundisho la kwanza, nalo tutalihitaji mbele.

Hata hivyo, kifo cha mtu mmoja, awe mkubwa kiasi gani, hakikutosha kuimaliza biashara ya Wakamba. Iliyowashinda ni dunia iliyobadilika huku wao wakifanya kazi ile ile kwa ustadi ule ule. Ndovu walipungua katika nchi yao, ikawa lazima kuzifuata pembe mbali zaidi. Matajiri wa pwani, Waswahili na Waarabu, ambao zamani waliketi wakingoja pembe ziwajie, walianza kuingia bara wao wenyewe wakiwa na mtaji mkubwa na bunduki nyingi. Katika nusu ya pili ya karne ile, enzi ya misafara ya Wakamba ilikuwa ikififia.

Angalia vizuri, msomaji. Miguu ya wapagazi haikudhoofika. Visima havikusahaulika. Msafara wa Mkamba haukuwa mbaya kuliko ulivyokuwa wakati wa baba yake. Chombo hakikuharibika, kilichoharibika ni ulingano baina ya chombo na dunia. Na hapa ndipo watu wengi wenye akili hukosea. Humtazama mtumishi wao wa zamani, wakaona kwamba bado anafanya kazi, wakasema, "Kosa lake ni nini?" Hana kosa. Lakini kutokuwa na kosa si sawa na kutosha.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo huwaonya wale wanaokimbilia kila kipya. Kuanzia mwaka 1890, kampuni ya Kiingereza iliyojulikana kwa kifupi kama IBEA ilifungua barabara kutoka pwani kuelekea bara, ikaitwa kwa jina la Mackinnon, mwenyekiti wake. Ilikusudiwa kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yachukue mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani. Fikira ilikuwa nzuri. Lakini katika nyika iliyo kabla ya kufika Kibwezi palikuwa na mbung'o, na wanyama wa kukokota waliangamia kwa ugonjwa wao. Gari jipya lilihitaji ng'ombe, ng'ombe alihitaji nchi isiyo na mbung'o, na nchi hiyo haikuwapo. Mizigo ikaendelea kwenda kwa miguu ya watu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Ulifika Nairobi mwezi Mei 1899, na Kisumu mwezi Desemba 1901. Katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Kitui iliachwa mbali, upande wa kaskazini na mashariki. Mpagazi alikuwa akibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akitembea kwa majuma. Behewa moja la garimoshi lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, likafika kwa muda wa siku. Mpagazi yule yule alikuwa chombo bora mwaka 1892 na chombo duni mwaka 1902. Yeye hakubadilika hata kidogo. Thamani ya chombo, basi, haikai ndani ya chombo peke yake. Hukaa pia katika mwaka na katika mahali.

Waandishi wengi husifu reli na kupita. Haifai kupita upesi hivyo. Reli ilikatiza Ukambani katika miaka ya njaa kubwa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, kati ya mwaka 1898 na 1900, baada ya sotoka kuua ng'ombe wengi, na wakati ndui ilipokuwa ikiwamaliza watu. Njaa zilizotangulia zilikuta wazee wakiwa na misafara ya kwenda kutafuta chakula. Njaa hii ilikuta njia za kale zimevunjika, na njia mpya ikiwa mikononi mwa watu wengine. Hakuna aliyemuuliza mpagazi wa Kitui kama angependa kubadili mfumo. Mabadiliko ya vyombo huamuliwa na wenye mtaji, lakini gharama yake mara nyingi hulipwa na wasio na mtaji. Hili ni fundisho la pili.

La tatu linatia moyo. Msafara ulikufa, lakini ujasiri wa kwenda mbali na ustadi wa kupatana bei haukufa. Sanaa ya vinyago vya kuuza, iliyoenea Ukambani baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, ilitembezwa na watu wale wale waliorithi moyo wa misafara, nao hawakuona haya kupanda garimoshi lililowanyang'anya babu zao kazi. Walikuwa waaminifu kwa biashara. Hawakuwa watumwa wa njia.

Reli nayo ilizeeka. Upana wake, baina ya chuma na chuma, ulikuwa milimita 1,000. Mwezi Mei 2017 ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, ikiwa na vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali katika Makueni. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Mwaka 2019 reli mpya ilifika karibu na Naivasha ikakoma hapo, ilhali njia ya kwenda mpaka wa Uganda ilikuwa bado ile ya zamani. Ilibidi kijengwe kipande cha kuiunganisha na reli ya kale, na reli hiyo ya kale itengenezwe, ili shehena ihamishwe kutoka gari jipya hadi gari la zamani na kuendelea na safari. Mzee aliyedhaniwa kuwa amestaafu aliitwa arudi kazini.

Mwaka huo huo wa 2019 serikali iliagiza kwamba makontena yanayokwenda bara kutoka bandari ya Mombasa yachukuliwe kwa reli mpya. Miji ya barabarani kama Mtito Andei, ambayo kwa miaka mingi iliishi kwa kuwapikia, kuwalaza na kuwatengenezea magari madereva wa malori, ilionja uchungu ambao Kitui iliuonja wakati wa reli ya kwanza. Wenye malori walikwenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba agizo lile halikufuata Katiba, na mwaka 2022 serikali mpya iliwarudishia wenye shehena hiari ya kuchagua. Tazama jinsi swali la zamani lilivyorudi kwa sura mpya: je, mtu alazimishwe kuacha chombo chake kabla yeye mwenyewe hajaona faida ya kingine?

Sasa turejee kwenye kompyuta. Wanaotetea uaminifu kwa mifumo ya kale wana hoja zenye nguvu, nasi hatutazidharau. Mwezi Aprili 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamaa ya kompyuta iliyoitwa System/360. Kabla ya hapo, mtu aliyenunua kompyuta kubwa zaidi aghalabu alilazimika kuandika programu zake upya. IBM iliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ndogo ya jamaa ile ingeweza kuendeshwa na iliyo kubwa. Ahadi hiyo imetunzwa kwa zaidi ya miaka 60. Mitambo mikubwa inayotengenezwa na kampuni hiyo leo bado yaweza kuendesha programu za zamani. Benki nyingi duniani zimekaa na mfumo huo, si kwa uvivu, bali kwa sababu programu iliyohesabu fedha za watu kwa miaka 40 bila kukosea imekwisha kujaribiwa na mwalimu asiye na upendeleo, yaani muda.

Na anayehama kwa pupa huona cha mtema kuni. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake kutoka mfumo wa zamani hadi mfumo mpya kwa siku chache za mwisho wa juma. Wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kufikia fedha zao, na ilichukua miezi kabla mambo hayajatengenea. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Lile gari la ng'ombe lililokwama kwa mbung'o limepata ndugu yake Ulaya.

Lakini upande wa pili nao una mashahidi wake. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga kompyuta na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Ilipenya katika ufa wa mfumo wa Windows ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Walakini waliochelewa kukitumia walibaki wazi. Na waliobaki na Windows XP, mfumo ambao mtengenezaji aliacha kuutunza tangu Aprili 2014, hawakuwa wamepewa kiraka hicho kabla ya msiba kufika. Mfumo usiotunzwa ni boma lisilo na mlinzi. Huenda likakaa usiku mia bila kuvamiwa, na mwenyewe akajisifu kwa kuokoa mshahara wa mlinzi. Usiku wa mia na moja humpa hesabu yake.

Kumbuka pia kifo cha Kivui. Mwaka 1959 ilianza kubuniwa lugha ya programu iitwayo COBOL, nayo ikawa lugha ya hesabu za serikali na mabenki. Miaka ikapita, walioijua wakazeeka, na vijana wakajifunza lugha nyingine. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la Korona, maombi ya msaada wa wasio na kazi yalifurika katika jimbo la New Jersey huko Marekani, na gavana wake akasimama mbele ya watu kuomba mafundi wa COBOL wajitolee. Mashine zilikuwapo, na programu zilikuwapo. Waliopungua ni watu wenye kuzijua njia na visima.

Je, hatuna mfano wa karibu, unaounganisha hoja za pande zote mbili? Tunao. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa. Mwaka huo huo kampuni ya Apple ilizindua simu ya iPhone, yenye kioo cha kugusa. Lau wenye M-Pesa wangejenga huduma yao kwa ajili ya simu za aina hiyo, mama muuza ndengu katika soko la Kitui asingefikiwa kwa miaka mingi. Wao walijenga juu ya simu ya kawaida ya vitufe na ujumbe mfupi, vitu ambavyo watu walikuwa navyo tayari mikononi. Chombo cha kale kikafanya kazi mpya kabisa. Mwaka 2015 mitambo mikuu ya huduma hiyo, ambayo ilikuwa Ujerumani, iliachwa, na huduma ikahamishiwa mitambo mipya nchini Kenya. Mteja wa Mutomo hakulazimika kubadili simu wala namba yake. Hapo ndipo penye busara: walibadili kilichofichika ili kutunza ahadi iliyo wazi.

Wakati mwingine mfanyabiashara hapewi hata nafasi ya kuchagua. Mwaka 2005 wenye maduka nchini Kenya waliotozwa kodi ya ongezeko la thamani walianza kutakiwa kuwa na mashine maalumu za risiti. Walizinunua kwa fedha nyingi, wakazizoea. Mwaka 2023 mamlaka ya kodi ilileta mfumo wa eTIMS, ambao hupokea ankara kwa njia ya intaneti. Aliyekuwa mwaminifu kwa mashine yake ya kwanza hakuulizwa kama ameridhika nayo, kama vile mpagazi hakuulizwa.

Basi tuseme, kwa mfano tu, kwamba kipo chama cha wakulima wa maembe katika kijiji fulani cha Makueni. Ofisini mwao imo kompyuta ya zamani, yenye hesabu za wanachama wote: nani alileta kilo ngapi, nani alikopa mbegu, nani hajalipwa. Karani ni mzee mwaminifu ambaye peke yake ndiye ajuaye namna ya kuitumia. Mtengenezaji ameacha kuutunza mfumo ule. Siku moja anakuja kijana mwenye maneno matamu kuwauzia mfumo mpya, na mkutano unagawanyika. Wazee wanasema, "Hii haijatuangusha." Vijana wanasema, "Dunia imetuacha." Yaliyomo ndani ya sanduku lile ni jasho la watu, zikipotea hesabu, mjane aliyeleta maembe msimu mzima hatakuwa na ushahidi wa haki yake. Hili si jambo la kupigiwa kura kwa mapenzi ya kale au tamaa ya kipya.

Kama ningekuwa mjumbe wa mkutano huo, ningeuliza maswali manne tu. La kwanza: chombo hiki bado kinabeba mzigo wetu wa leo, si wa jana? La pili: wapo watu wawili au zaidi wanaokijua, au tunamtegemea Kivui mmoja? La tatu: yupo anayekilinda, akiziba nyufa zake? La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: tukitaka kuondoka, tunaweza kutoka na kumbukumbu zetu zote zikiwa salama, au tumefungiwa ndani?

Majibu yote yakiwa mema, chama kibaki na kompyuta yake, na mwuzaji wa maneno matamu aonyeshwe mlango kwa adabu. Umri si dosari. Lakini jibu moja tu likiwa baya, safari ianze kupangwa, nayo ianze mapema, wakati daraja la zamani lingali limesimama. Hesabu zinakiliwe kwanza kwa namna inayosomeka popote. Mifumo miwili iende sambamba kwa msimu mmoja, mpaka hesabu zake zilingane. Na yule karani mzee asitupwe kama mpagazi wa mwaka 1901. Awe mwalimu wa safari, maana yeye ndiye ajuaye ni wapi hesabu hukosea na ni mwanachama yupi ana majina mawili. Chama kinachomfukuza karani kabla ya kumsikiliza kimechoma ramani yake chenyewe.

Wako watakaosema kwamba mpango kama huo una gharama mara mbili, na kwamba chama maskini hakiwezi kulipia vyombo viwili kwa wakati mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli, wala sina jibu la kuifuta. Ninalosema ni kwamba gharama hiyo haiepukiki. Kinachochaguliwa ni wakati wa kuilipa. Hulipwa kidogo kidogo na anayejiandaa, au hulipwa kwa mkupuo na anayeshtukizwa.

Uaminifu ni sifa tukufu, na kwa sababu ni tukufu haifai kupewa kisichoweza kuipokea. Mashine haijui kama imeachwa. Anayejua ni mkulima aliyekabidhi mazao yake, mteja aliyeweka fedha zake, na mfanyakazi aliyetoa miaka yake. Hao ndio wanaostahili uaminifu wa mfanyabiashara. Chombo cha kale kitunzwe madhali kinawatumikia hao. Kinapoanza kuwahatarisha, kuking'ang'ania ni kuwasaliti.

Vijana mnaosoma kurasa hizi mtakuja kurithi ofisi zenye mashine ambazo leo ni mpya, na ambazo siku hiyo zitakuwa zimezeeka. Mtaulizwa kama zibaki au ziondoke. Siku hiyo kumbukeni njia ya kutoka Kitui hadi pwani. Waliotembea juu yake hawakuipenda kwa sababu ilikuwa ya kale. Waliipenda kwa sababu iliwafikisha. Nyika ilipotoa njia nyingine, watoto wao waliishika wakiwa na mizigo yao mabegani, wala hawakuiacha chini.